Stempu na watoto mlango mmoja: siku yangu ya ukalimani Louisville

Saa 11 alfajiri

Simu huamka kabla yangu. Wakala anayetupangia kazi ametuma orodha ya leo: saa 2 ofisi ya misaada, saa 4 ziara ya nyumbani, saa 8 mchana mahakama ya familia. Zote Kiswahili. Nachemsha chai ya tangawizi, nafungasha chakula cha wanangu cha shule, na daftari langu la maneno naliweka mkobani kabla ya kitu kingine chochote.

Nilizaliwa Kasulu, wilaya iliyo na kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Wengi ninaowakalimania hapa Kentucky walipitia kambi hiyo kabla ya kupanda ndege. Kiswahili changu cha Kigoma na chao cha Uvira na Fizi, mashariki mwa Kongo, vinaelewana vizuri, ila panapouma ndipo maneno huanza kuteleza. Kazi yangu ni hapo panapoteleza. Watu wa leo nimewabadilishia umri, siku na mambo mengine, maana nimekula kiapo cha siri.

Saa 2 asubuhi

Mzee amekuja na barua aliyoikunja mara nne. Inasema stempu zake zinakoma. Stempu ni jina la zamani la msaada wa serikali wa kununulia chakula, siku hizi ni kadi ya plastiki inayojazwa kila mwezi, lakini jina halikuondoka. Kadi hiyo inanunua unga, maharage na nyama mbichi. Hainunui sabuni wala nepi, na kuku aliyechomwa wa dukani hainunui pia, kwa kuwa ni wa moto.

Mzee anauliza kosa lake ni lipi. Afisa anamweleza taratibu, nami namfuata: sheria iliyosainiwa Washington tarehe 4 Julai 2025 imewaondoa wakimbizi kwenye stempu mpaka wapate ukaazi wa kudumu, yaani grinikadi. Na grinikadi mkimbizi huiomba baada ya kukaa nchini mwaka mzima, kisha anangoja ijibiwe.

"Kwa hiyo sikukosa kitu?"

"Hapana, mzee wangu." Hilo alilisema afisa, kwa Kiingereza na bila "mzee wangu". Heshima niliiongeza mimi. Kanuni zinakataza kuongeza, lakini sijui namna ya kumwambia mtu wa umri wa baba yangu "hapana" tupu kwa Kiswahili.

Anaelekezwa kwenye vituo vya kugawa chakula. Anaikunja barua ile ile mara nne tena.

Watu hudhani misaada ya Marekani ni mfuko mmoja. Stempu ni sheria ya shirikisho, jimbo linaiendesha tu. Fedha taslimu kwa familia zenye watoto ni habari nyingine: tangu sheria ya mwaka 1996 kila jimbo lina mpango wake na jina lake. Kentucky inaitwa K-TAP, California CalWORKs, Tennessee Families First. Ukihama jimbo kumfuata ndugu yako, unaanza upya kama mgeni. Ila hesabu ya miezi 60, ambayo ndiyo kikomo cha mtu mzima kulipwa kwa fedha za shirikisho zinazoingia kwenye mipango hiyo, inakufuata uendako.

Saa 4 asubuhi

Ghorofa ya pili, viatu vimepangwa mlangoni, harufu ya sombe (kisamvu). Mama wa watoto wanne anafanya kazi ya usiku ghalani, anapakia maboksi. Kuna mtu aliyepiga simu kwamba watoto hulala peke yao. Nani, hataambiwa. Kentucky haikuwaachia walimu na madaktari peke yao jukumu la kutoa taarifa: yeyote mwenye sababu ya kuamini kwamba mtoto anadhulumiwa au hatunzwi analazimika. Jirani analazimika, mchungaji analazimika, nami pia. (Wapo wanaosema hayo ni mambo ya Wazungu. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 nayo inamtaka mwanajamii anayejua haki ya mtoto inavunjwa atoe taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Hatuisomi tu.)

Afisa ustawi ni binti mdogo, mpole, kalamu ina alama za meno. Anakagua friji, vitanda, king'ora cha moshi. Watoto anazungumza nao mmoja mmoja chumbani, nami nipo. Kisha anakaa mbele ya mama na kulitamka lile neno: "neglect".

Neno hili nalifahamu kwa maumivu. Mwaka jana, nyumba nyingine, familia ilikuwa imepewa mkalimani wa simu kabla yangu. Yeye alilitafsiri "umetelekeza watoto". Kutelekeza! Kwetu anayetelekeza ni baba aliyekwenda machimboni asirudi, au msichana aliyeacha kichanga mlango wa kanisa. Mama yule, ambaye alikuwa akirudi kila asubuhi na mkate mkononi, aliinuka akawafukuza wote. Faili likaandikwa kwamba hakutoa ushirikiano.

Kwa hiyo leo nasema: "Wanachunguza kama watoto wanakosa matunzo na uangalizi unaofaa." Ni ndefu, lakini haimtukani mtu.

Anajibu bila kusita: "Nilienda ku kazi, mukubwa alibaki na batoto."

Mkubwa ana miaka 11. Kasulu mtoto wa miaka tisa hubeba mdogo wake mgongoni huku akichota maji, na hakuna anayegeuka kumtazama. Mama anataka kujua ni umri gani unaoruhusiwa, ili autii. Hapo ndipo sheria ya jimbo hili inaponichosha: haitaji umri. Maryland imeandika kwamba mtoto wa chini ya miaka 8 asiachwe pasipo mtu wa kuaminika wa angalau miaka 13. Unaweza kuipinga, lakini unaweza pia kuihesabu kwa vidole. Kentucky huangalia mazingira: muda gani, usiku au mchana, mtoto ana akili kiasi gani, jirani yupo. Aliyekulia hapa anayajua hayo kwa hisia tu. Mgeni anataka namba, na namba haipo.

Afisa anauliza kwa nini, ilhali tayari ana grinikadi, hakuomba stempu wala msaada wa malipo ya kulelewa watoto. Mama anatazama sakafu. Kisha, kwa sauti ya chini, kwangu mimi na si kwake: "Dada, si ni ile ofisi yenye kuchukuaka batoto?"

Sina ruhusa ya kulimeza swali. Kila linalosemwa chumbani linatafsiriwa. Nikalitafsiri, na mama akanitazama kama niliyemsaliti.

Lakini hakukosea. Idara inayopokea maombi ya stempu, K-TAP na bima ya afya ya wenye kipato kidogo ndiyo idara ile ile ya ulinzi wa watoto. Vitengo viwili, maafisa tofauti, jina moja ukutani. Aliyeyapanga hivyo bila shaka alitaka familia ihudumiwe mahali pamoja. Kwa mtu aliyekimbia serikali mbili, huo ni mlango mmoja wenye mkono unaotoa na mkono unaonyang'anya. Ningekuwa na uwezo ningevitenganisha hata kwa kibao tu.

Binti ameweka kalamu chini. Anaeleza jambo ambalo sijawahi kulisikia likielezwa vizuri hivi: sheria ya Kentucky inahesabu kukosesha matunzo pale mzazi mwenye uwezo wa fedha asipompa mtoto mahitaji, au alipopewa njia ya kuyapata asiitumie. Umaskini peke yake si kosa. Kuomba stempu hakumwandikii mtu doa. Kwa familia hii, anasema, kuomba ndiyo kinga.

Namwona mama akilipima neno "kinga". Wanakubaliana mpango wa maandishi: zamu za usiku shangazi atalala pale. Anasaini polepole, herufi moja moja, jina zima.

Saa 7 mchana

Wali wa jana ndani ya gari, maegesho ya mahakama. Naandika maneno mapya. Nusu saa ya usingizi kiti kikiwa nyuma.

Saa 8 mchana

Mashauri ya watoto husikilizwa milango ikiwa imefungwa, kwa hiyo ya ndani yanabaki ndani. Ya ukumbini naweza kuyasema.

Baba amevaa suti ya harusi ya mtu mwingine. Watoto walichukuliwa Alhamisi jioni kwa amri ya dharura ya jaji. Leo ni Jumanne. Ameshika karatasi, kidole kiko kwenye namba: "Waliniambia saa 72. Saa 72 ni siku tatu. Mimi nimelala usiku tano."

Wakili wake, aliyeteuliwa na mahakama na kukutana naye dakika kumi zilizopita, anajibu kwamba Jumamosi na Jumapili hazihesabiwi. Ndivyo sheria ilivyo: saa 72, ukiondoa mwisho wa wiki na sikukuu. Natafsiri. Baba anarudia taratibu, kama anayejifunza hesabu ya nchi ngeni: "Jumapili haihesabiwi."

Watoto nao wana wakili wao, tofauti na wa baba. Hilo huwashangaza wazazi wetu kuliko yote, kwamba mtoto ana mwanasheria na mzazi ana wake. Pembeni amekaa dada wa baba, anayetaka kuwachukua. Jimbo hutazama kwanza kama kuna ndugu. Mwaka 2017 mahakama ya rufaa ya shirikisho iliamua kwamba Kentucky iwalipe ndugu walioidhinishwa posho ya malezi kama inavyowalipa walezi wasio ndugu. Kesi ile ilimhusu bibi mdogo, yaani shangazi au mama mdogo wa mzazi, aliyekuwa akilea wavulana wawili. Shangazi huyu posho haijui wala hajaiulizia. Anauliza kama aende akanunue vitanda leo au asubiri.

Saa 11 jioni

Binti yangu ana miaka 12, mdogo wake 7. Basi la shule huwashusha saa 10 na nusu. Mahakama imechelewa, barabara imejaa, nimefika saa 11 na dakika ishirini. Nawakuta wamekaa kwenye ngazi za ndani wanakula chapati ya baridi. Hesabu mwenyewe. Mimi nimeshahesabu, kila taa nyekundu.

Saa 3 usiku

Ankara, kilomita, vyombo. Kwenye daftari, ukurasa wa lile neno una tafsiri tano na nne nimezikata. Ya leo naiacha bila mstari.

Simu inalia. Wakala: kesho saa 3 asubuhi, maombi ya stempu, Kiswahili, mtu mzima mmoja na watoto wanne, mteja ameomba mkalimani yule yule. Nikajibu nitakuwepo.