Wamepauka

"Mbona wamepauka hivi?"

Siku ya tano leo tangu Shangazi aseme vile, na bado namsikia. Harusi imepita salama, wageni wa Pangani wamekwisha rudi makwao, ofisini tumeletewa mkuu mpya, lakini jioni nikikaa mezani kwangu kinachonijia ni maneno yale tu.

Alikuja kutafuta sindano. Kabati la kioo liko palepale mnapopajua, karibu na cherehani, na kombania zangu tatu za Tanga, sanamu ndogo za askari za mchezo wa vita wa mezani, ndiyo kwanza zilikuwa zimekamilika. Akamtoa askari mmoja kwa vidole viwili, akamsogeza dirishani.

"Hawa ndio wale wa vita vya Mjerumani?"

"Ndio, Shangazi. Askari wa Mjerumani waliopigana na Waingereza, Novemba 1914, hapahapa Tanga."

Akamgeuza, akamtazama usoni kwa makini, kama anavyomtazama mtoto aliyeletewa. "Nguo nimezipenda. Lakini mbona wamepauka hivi? Hawakuwa na mtu wa kuwapaka mafuta?"

Akamrudisha alipomtoa, akachukua sindano yake, akaenda zake.

Sikuwa na la kujibu, kwa sababu kweli walikuwa wamepauka. Nilikuwa nimekazana na sare. Tarbushi ya kaki, kile kitambaa cha nyuma cha kukinga shingo na jua, tai mdogo wa fedha mbele. Mikanda ya ngozi ya kahawia. Alama nyekundu za cheo mkono wa kushoto: moja ya ombasha, mbili za shaushi, tatu za betshaushi, nne za sol. Bunduki za mtindo wa 1871, za milimita 11, ambazo baruti yake ilitoa moshi mweupe mzito, adui akajua mpigaji amejificha wapi. Yote hayo niliyalinganisha na picha mara mbili mbili. Uso sikuulinganisha na kitu. Nilidhani naujua, si nauona kila siku?

Basi tangu Jumatatu nimekuwa nikitafuta mpauko umetoka wapi. Nilikuwa na askari wanne wa akiba, wale ambao mtutu wa bunduki ulitoka umepinda kwenye kalibu, nikawafanya wa majaribio. Kosa halikuwa moja. Yalikuwa mawili, na la pili lilikuwa limejificha nyuma ya la kwanza.

La kwanza ni rangi nyeupe. Kwenye nguo, ukitaka sehemu inayopigwa na mwanga ionekane, unachukua rangi yako ya kaki unaongeza nyeupe kidogo, basi. Kaki iliyofuliwa na kuanikwa juani mwaka mzima hupauka kweli, kwa hiyo macho yanakubali. Mimi nikaichukua kanuni hiyohiyo nikaipeleka kwenye ngozi: kahawia, ongeza nyeupe, ongeza tena. Nyeupe ikiingia kwenye kahawia haiipi mwanga, inaiua joto lake. Inageuka rangi ya maziwa yenye majivu ndani. Ukiutazama mkono wa mtu mweusi juani, penye mwanga mwingi hapana weupe wa chaki. Pana wekundu, pana uchungwa, na juu yake mng'ao. Kwa askari wa North Lancashire, kikosi cha Waingereza waliokuwa Wazungu, nyeupe ya krimu juu ya pua haiharibu kitu, na ndiyo maana maelekezo mengi ya rangi yaliyoandikwa kwa ajili yao yanakupoteza ukiyafuata kwa askari wetu.

La pili ni vanishi. Hii ya kutong'aa ina unga mwepesi ndani yake, na unga huo ndio unaotawanya mwanga ili sanamu isimeremete. Juu ya kaki huuoni. Juu ya kahawia iliyokoza unaonekana kama ukungu. Unga huo huzama chini ya chupa, kwa hiyo usipotikisa dakika mbili nzima, askari wa mwanzo wanapata maji matupu na wa mwisho wanapata chokaa. Kombania yangu ya tatu nimeipaka kwa theluthi ya mwisho ya chupa. Nikizipanga zote tatu kwa mstari, naona kabisa mpauko unavyoongezeka kutoka kushoto kwenda kulia. Ya kopo la kupuliza ni mbaya zaidi huku pwani. Ukipuliza asubuhi, unyevu wa hewa unanaswa ndani ya vanishi kabla haijakauka na weupe unabaki humo. Kama huna budi, subiri saa saba au saa nane mchana, siku kavu, na umpulize mmoja tu kwanza umwone.

Ukungu wa vanishi unatibika. Paka juu yake vanishi ya kung'aa, nyembamba, kwa brashi: inajaza vile vikwaruzo vya unga na rangi ya chini inarudi. Kuna wanaofuta sanamu kwa tone la mafuta ya zeituni, na inafanya kazi ileile. Nilipolikumbuka hilo niliiweka brashi chini. Mafuta! Shangazi alitaja dawa yenyewe akiwa amesimama na sindano mkononi. Mimi nimetumia ya kung'aa, kwa sababu juu ya mafuta rangi mpya haishiki, na mimi nilikuwa bado na nyuso za kupaka upya.

Sikuwavua rangi zote. Spiriti na mswaki vingewasafisha kwa usiku mmoja, kwani ni wa bati, lakini sare ingekwenda na maji. Nimerudia nyuso na mikono tu. Nyuso 48, mikono 96.

Mchanganyiko niliofika nao ni huu. Msingi: matone matatu ya kahawia ya chokoleti kwa tone moja la nyekundu ya tofali, maji kidogo mpaka itiririke kama maziwa mabichi. Tabaka mbili nyembamba, si moja nzito, maana nzito inaziba mashimo ya macho. Kivuli: rangi hiyohiyo na nusu tone la bluu ya wino, si nyeusi, iongezewe maji mara tatu, ishushwe chini ya taya, pembeni mwa pua, kwenye panja na katikati ya vidole. Mwanga wa kwanza: msingi na tone moja la chungwa, kwenye paji la uso, mwamba wa pua, mifupa ya mashavu, kidevu na vifundo vya vidole. Mwanga wa pili: ongeza nusu tone la manjano ya udongo, uguse vilele tu. Nyeupe haikaribii sahani. Mdomo wa chini unapata msingi wenye zambarau kidogo. Viganja vinapata mwanga wa pili, na hapo watu wengi husahau, wanapaka kiganja kama mgongo wa mkono.

Macho nimeyafanya kwa rangi ya pembe, si nyeupe ya karatasi. Nyeupe kamili kwenye uso mweusi wa milimita nne humfanya askari aonekane ameshtuka. Mstari mweusi kwanza, pembe ndani yake, kisha nukta. Ukikosea usifute, subiri ikauke urudishe msingi.

Mwisho kabisa, sare ikishapata vanishi isiyong'aa kwa brashi, ngozi inapata ya nusu mng'ao: paji, pua, mashavu. Basi. Joto la hapa hukausha rangi kwenye sahani kabla hujamaliza nyuso mbili, kwa hiyo nimeweka sifongo ya vyombo iliyolowa chini ya karatasi ya kuokea, na rangi juu ya karatasi. Inadumu jioni nzima.

Na si mchanganyiko mmoja kwa wote. Wa kwanza kabisa walioandikwa jeshini na Mjerumani Wissmann mwaka 1889 walikuwa Wasudani waliotoka Misri, ndiyo maana hata majina ya vyeo yalikuwa ya Kituruki, na Washangaani kutoka Msumbiji. Baadaye wakaingia Wanyamwezi, Wasukuma, Wamanyema. Nimefanya misingi minne, mmoja una nyekundu zaidi, mmoja bluu zaidi, mmoja mwepesi, nikaichanganya ndani ya kila kombania. Juzi usiku nilimweka ombasha wa kwanza chini ya taa, nikakaa. Alikuwa mtu. Nilifurahi nikataka kumwamsha Shangazi kwa simu saa tano usiku.

Sikupiga. Nilikuwa nimeanza kuisikia sentensi yake upya, nusu ya pili. "Hawakuwa na mtu wa kuwapaka mafuta?" Siku tatu nilikuwa nimeng'ang'ania kupauka. Hilo la mtu nilikuwa sijalisikia.

Kombania moja ilikuwa na askari 160, na kwangu sanamu moja ni watu kumi, ndiyo 16. Lakini kombania hiyohiyo ilitembea na wapagazi 250. Kwa hesabu yangu ni sanamu 25 kwa kila kombania, 75 kwa zote tatu, na kwenye kabati langu hayupo hata mmoja. Bombomu, zile bunduki za rashasha, ninazo. Nyuki wa Tanga, waliowashambulia askari vitani, nimewatengenezea vitako vyao vya kusimamia. Zile bombomu 16 na risasi 600,000 walizoziacha Waingereza ufukweni nimeziandalia makasha. Aliyezibeba kuzitoa pale, sina. Na upande wa pili ni hivyohivyo: Kariakoo zote mbili, ya Dar es Salaam na ya Nairobi, zimepata jina kwa kikosi cha wapagazi wa Mwingereza, Carrier Corps, nami hapo sokoni ndipo ninaponunua gundi.

Nimeagiza 25 wa mwanzo. Hawa watakuwa wagumu kuliko askari, kwa sababu mgongo uko wazi, kifua kiko wazi, hakuna kaki ya kuficha kosa. Mzigo usigandishwe kabla ya rangi, brashi haitafika shingoni. Toboa kwa keekee ya milimita moja kichwani na chini ya mzigo, weka kipande cha waya, paka vyote viwili mbalimbali, kisha unganisha. Gundi peke yake itaachia siku ya kwanza mchezaji atakapomshika kwa mzigo badala ya kitako, na wote humshika kwa mzigo. Mchanga wa kitako usiuchote ufukweni Raskazone ukautumia hivihivi. Uoshe maji baridi mara tatu uukaushe, la sivyo chumvi itachomoza juu ya rangi baada ya mvua mbili.

Kwao kuna mahali ambapo kupauka ni haki: magoti, viwiko, visigino. Mtu aliyetembea wiki kadhaa na kilo 25 kichwani ana vumbi la njia miguuni. Hapo nitaweka unga mkavu wa rangi ya udongo, kwa brashi iliyochakaa, chini ya goti tu. Usoni hapana. Usoni nitawapaka mng'ao wote.

Shangazi atarudi mwisho wa mwezi kuchukua vyombo vyake vya harusi. Kabati nitaliacha wazi.

Tawi la mwembe wa jirani limezidi kuinama. Jana usiku upepo ulipovuma niliona cheche pale linapogusa waya, mara mbili, na mwenye nyumba yuko safarini, ufunguo wa geti anao yeye. Mvua za vuli ndiyo zinaanza. Sijui nimpigie nani kwanza asubuhi.