Magunia ya chini

Maji yenyewe hayakutushinda. Mvua ilianza jioni ikanyesha usiku kucha, na alfajiri mama aliposhuka kwenye stoo ya chini akayakuta yamefika magotini. Baba akazima meni swichi kabla ya kuruhusu mtu mwingine kuingia. Jirani akatuazima pampu anayomwagilia bustani, na mchana tulikuwa tumebaki na tope tu, tunalisukuma kwa mafagio. Kilichotuumiza ni mahindi.

Nyumba yetu iko Ntyuka, kwenye mteremko. Fundi alipoinua msingi upande wa bondeni, chini ya sebule ikapatikana nafasi ya chumba, na miaka yote hiyo ndiyo ghala letu. Nani angefikiria mafuriko Dodoma? Msimu wetu wa mvua ni mmoja, Desemba hadi Aprili, na kwa wastani mvua ya mwaka mzima haifiki milimita 600. Ila haiji kwa mpangilio. Hukata kwa wiki kadhaa, udongo ukakauka na kushikana hadi hauwezi kunywa, kisha ikashuka kwa saa chache na kuporomoka kutoka mlimani ikitafuta pa kupita. Safari hii ilipita mlangoni kwetu.

Magunia yalikuwa juu ya chaga, kama inavyotakiwa, lakini maji yalipanda kuliko chaga. Bibi, mama yake baba, ndiye aliyetandika turubai uani kabla hata hatujamaliza tope. "Yaanikeni. Jua likiwaka yatarudi."

Jua halikuwaka. Mawingu yalikaa, manyunyu yakawa yanakuja na kwenda, tukawa tunakunja na kukunjua turubai, na mengi hatukuwa na pa kuyaanika kabisa. Nilipotumbukiza mkono kwenye gunia mojawapo hadi kiwikoni, juu palikuwa baridi, katikati pana joto. Nikatoa fumba la punje zilizogandana, zinanuka kuchacha, na kwenye kiini cha baadhi yake kumeota ukungu wa kijani.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza, kama naweza kuuita ugomvi, kwa sababu hakuna aliyepaza sauti. Mwaka 2016 watu walikufa hapa Dodoma na jirani zetu Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu. Sumu hiyo haionekani, haina ladha, na kuipika hakuiondoi. Inakula ini. Ukimlisha ng'ombe, inapita hadi kwenye maziwa. Nilimweleza bibi yote haya taratibu, nimechuchumaa karibu na kigoda chake.

"Chakula hakitupwi, mjukuu wangu. Kama nyie hamkitaki, apewe mwenye njaa."

"Bibi, hiki hatuwezi kumpa hata kuku."

Akanyamaza, halafu akaanza kuzungumzia Mtunya. Wagogo wanaijua: njaa ya miaka ya mwisho ya Vita Kuu ya Kwanza na baada yake, majeshi yalipochukua nafaka, mifugo na watu wa kubeba mizigo, kisha mvua nazo zikakata. Bibi hakuwepo, ila mama yake aliipitia akiwa mtoto, na bibi alilelewa Mvumi na mwanamke ambaye hakuweza kuona punje chini bila kuinama kuiokota. Nawaheshimu wanaosema "si mtupe tu, afya kwanza," na kuhusu afya wako sahihi. Lakini hawajui wanamwambia nini mtu kama bibi.

Baba ndiye aliyelimaliza. Alipasua punje kwa kucha, akamwekea kiganjani. "Mama, angalia. Hiki si chakula tena." Bibi aliitazama muda mrefu, akaomba jambo moja tu: yasitupwe jalalani watu wakayaokota, yafukiwe. Tulichimba shimo refu nyuma ya nyumba, na yeye mwenyewe akasimama hapo hadi udongo ukarudi wote.

Yale ya juu, ambayo hatukuwa na uhakika nayo, tuliyapima kwa chumvi. Unachukua chupa kavu ya kioo, unatia mahindi na chumvi kavu, unatikisa vizuri, unaacha yatulie. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi bado yana unyevu. Isiponata, yamekauka vya kutosha kuhifadhiwa. Gunia lililofeli tulilitenga. Mahindi yaliyokuwa kwenye mifuko ya kinga njaa, ile yenye nailoni mbili ndani, yalitoka makavu, yanapasuka menoni, kwa sababu mama huifunga kila nailoni peke yake na kuipinda.

Jumamosi fundi anakuja kuchimba mfereji upande wa juu wa nyumba, uyakate maji kabla hayajafika ukutani. Stoo ya chini itabaki ya majembe na ndoo. Mahindi yamehamia chumba cha wageni, na bibi amesema hatarudi Mvumi mpaka aone yamepangwa yasiguse ukuta.