2021, mwaka wa nyungu na ile kanga ya mama

Mpaka leo nikisikia harufu ya mchaichai akili inarudi Februari 2021. Mama alikuwa anachemsha sufuria kubwa, mwarobaini, mchaichai, malimao, tangawizi, halafu anatuita mmoja mmoja tuingie chini ya blanketi, ukitoka hapo umelowa mpaka tisheti inakamuliwa. Nyungu. Kila nyumba mtaani kwetu ilikuwa na nyungu yake na hakuna aliyekuwa anautaja ugonjwa wenyewe.

Mwezi ule ndo tulimzika baba mdogo. Karatasi ya hospitali iliandikwa nimonia, pale msibani watu wanasema "changamoto ya upumuaji" halafu wanainamisha macho. Takwimu za nchi zilisimama toka mwisho wa Aprili 2020, wagonjwa 509 na vifo 21, basi, ila turubai za misiba zilikuwa zinahama tu toka nyumba hii kwenda ile. Kwahiyo chama cha ACT-Wazalendo walivyotangaza kwamba Maalim Seif, Makamu wa Kwanza wa Rais kule Zanzibar, ana korona, mi nilishtuka kusikia neno lenyewe limetamkwa hadharani. Akafariki Februari 17 Muhimbili, na siku hiyohiyo akafariki Balozi Kijazi, Katibu Mkuu Kiongozi.

Mwezi mmoja kamili baadae, Machi 17 usiku. Rais Magufuli alikuwa hajaonekana toka Februari 27 na minong'ono ilikuwa kila kona, mimi naosha vyombo nikasikia mama ananiita kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia. Mama Samia, wakati huo Makamu wa Rais, alikuwa kwenye TV anasoma taarifa, hospitali ya Mzena, maradhi ya moyo, siku 14 za maombolezo. Mama alikaa chini sakafuni na mwiko mkononi, ugali ukaungua na hakuna aliyeinuka kuutoa.

Sasa hapa ndo nataka nieleweke vizuri. Mama alikuwa amemlilia shemeji yake wiki chache tu nyuma, na alikuwa anajua kabisa kimemuua nini. Lakini mwili wa Magufuli ulipokuwa unapitishwa barabarani alitoka asubuhi kabisa na kanga yake mpya akaitandika chini gari ipite, kama walivyofanya wamama wengi siku ile. Alirudi nayo ina alama za matairi na hajawahi kuifua, ipo kabatini. Sijawahi kumuuliza inakuwaje, vilio vyote viwili vilikuwa vyake. Wifi yangu alienda kuaga uwanja wa Uhuru, Dar es Salaam, Jumapili, Machi 21, akarudi na kiatu kimoja, hasemi kitu. Baadae polisi wakasema waliokufa kwenye ule msongamano ni 45. Arobaini na tano jamani, watu waliotoka nyumbani kwenda kuaga!

Mwaka ukaendelea mbio mbio. Soko kuu la Kariakoo likaungua Julai 10, siku tano mbele zikaanza tozo za miamala ya simu na bibi kijijini akawa anapokea pungufu kila tukimtumia, Mbowe, mwenyekiti wa Chadema wakati huo, akakamatwa Mwanza, Oktoba Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, akapata Nobel ya Fasihi. Kwangu mimi kubwa kuliko yote hayo ni Novemba 24, serikali iliposema wasichana waliokatishwa shule kwa ujauzito waruhusiwe kurudi. Binti wa jirani yetu alikuwa anauza maandazi na mtoto mgongoni, Januari nikamuona na sketi ya shule, nililia pale pale barabarani na sioni aibu kusema.

Ila siku ambayo sitaisahau ni siku moja hivi ya mwezi Agosti. Rais Samia alichanjwa chanjo ya korona Julai 28 mbele ya kamera, zamu ya waliovuka miaka 50 ilipofika nikampeleka mama kituoni. Foleni haikuwa ndefu, watu walikuwa bado wanaogopa. Ile Janssen ni sindano moja tu, mama akakunja mkono wa gauni, akachomwa, hakutikisika. Akashusha mkono wa gauni taratibu akamuuliza nesi, "Mwanangu, hii ingekuwepo Februari, shemeji yangu angepona?"

Nesi alimwangalia kidogo, akaandika tarehe kwenye kadi, akampa kwa mikono miwili.