Siku moja kwenye simu za manusura wa ukatili wa majumbani, ukifanyia kazi nyumbani

Saa 2:00 asubuhi. Mlango ufungwe kabla ya simu ya kwanza. Kama hakuna chumba cha ziada, kona yoyote inafaa isipokuwa kitandani: vilio ulivyovisikiliza hapo vitakusubiri hapohapo usiku. Kamera itazame ukuta mtupu. Namba yako binafsi asipewe mteja, maana mtesaji hupekua simu ya mwenzake.

Saa 2:15. Msimamizi anapiga, dakika 10. Asiulize "hujambo?", kwa kuwa jibu ni "sijambo" siku zote. Aulize umelala saa ngapi, simu ipi ya jana bado iko kichwani, na nani yuko nyumbani leo. Hili la mwisho lisirukwe. Wapo wahudumu ambao nao wanaishi na mtesaji.

Saa 3:00. Simu ya kwanza; unamuuliza mteja: "Uko peke yako? Nijibu ndiyo au hapana tu." Katikati ya maelezo, sauti ya mwanamume inasikika kwa nyuma, kisha simu inakatika. Kupiga tena papo hapo kunaweza kumponza mteja, kwa hiyo unafuata mliyokubaliana mwanzoni: saa ya kupiga, neno la siri, na lini polisi waitwe.

Kusubiri huko ndiko kunakoumiza. Ofisini, wa meza ya pili angeona mikono inavyotetemeka, akakuletea maji. Nyumbani hakuna wa kukuona, na mwenzi wako huruhusiwi kumweleza. Ndiyo maana dirisha la ujumbe kwa msimamizi liwe wazi kwenye kompyuta muda wote wa simu: unaandika neno moja mlilopatana, naye anaingia kusaidia. Baadaye, dakika 15 bila simu wala ripoti. Simama, nawa uso, kisha mpigie mwenzako wa zamu. Mwambie kilichokugusa; jina la mteja libaki kwenye faili.

Saa 7:00 mchana. Chakula, mbali na meza ya kazi.

Saa 8:00. Simu mbili nzito zisifuatane; katikati ziwekwe kazi za barua na za kuwaelekeza wateja kwenye huduma nyingine. Apange msimamizi, kwani mhudumu mwenyewe hukataa simu kwa nadra sana.

Saa 10:30 jioni. Taarifa za mteja aliye hatarini wanakabidhiwa wahudumu wa zamu ya usiku kwa mdomo, si kwa maandishi peke yake. Unatuma "nimefunga", msimamizi asipouona ujumbe huo hadi saa 11:00, anapiga. Kompyuta inaingia kabatini, nawe unatoka kutembea dakika 20 kabla ya kukaa na familia.