Dawati langu na ngome ya Gand

Ilikuwa likizo kubwa ya 1994. Wakimbizi kutoka Rwanda walikuwa wameijaza Bukavu, barabarani, kwenye viwanja vya kanisa, mashuleni. Siku moja nilipenya hadi shuleni kwetu, Kadutu, kutazama dawati langu. Nililikuta linawaka chini ya sufuria ya maharagwe. Bibi mmoja alikuwa anakoroga. Mtoto amelala juu ya kikwembe, chini ya ubao wenye hesabu za mwalimu wetu. Bibi akanikaribisha chakula. Nilikimbia.

"Baba mkubwa, wamechoma dawati langu!"

Baba mkubwa aliwahi kufanya staji, yaani mafunzo ya kazi, mjini Gand, Ubelgiji, na hakuna mgeni wa nyumba yetu aliyepona kusikia habari za huko. Akachomoa kadi ya posta ndani ya Biblia: ngome ya mawe, maji yameizunguka. Gravensteen. Philippe wa Alsace, bwana wa Flandre, jimbo la huko, aliijenga mwaka 1180 akae yeye na ukoo wake.

"Unafikiri walikaa milele? Walihama. Ikawa mahakama, ikawa gereza. Watu walilia humo, mwanangu. Halafu matajiri wakaingiza mashine za pamba, ikawa kiwanda. Wafanyakazi wakahamia humo na jamaa zao."

"Walipika ndani?"

"Sasa wangekula nini?"

Kiwanda kilipoondoka, palibaki kidogo tu ibomolewe. Mji ukainunua, ukaitengeneza, na mwaka 1907 watu wakaanza kuingia kuitazama. Hapo Baba mkubwa akaanza kucheka peke yake, maana alikuwa amefika kwenye kipande anachokipenda: Novemba 1949 wanafunzi 138 waliiteka ngome hiyo, wakafunga mlango na kuwatupia polisi matunda. Kisa? Bei ya bia! Alicheka hadi machozi. Mimi sikucheka, nilikuwa bado na dawati langu kichwani.

"Na masizi ya wale wa kiwanda, nani aliyasugua?"

Akaitazama kadi, akaigeuza, kama vile jibu liko nyuma. Akairudisha ndani ya Biblia.

Tuliporudi masomo, bibi na mtoto walikuwa wameshaondoka. Mwalimu alituletea ndoo, majani ya kusugulia na chokaa. Tulisugua asubuhi nzima. Ukuta ulikubali, isipokuwa pale juu ya mafiga, ambapo weusi ulirudi kila chokaa ilipokauka. Madawati hayakutosha, kwa hiyo nilikalia tofali, mgongo wangu kwenye weusi ule, na kila jioni mama aliuliza shati limeshika nini.