Sahani za Kutazamwa: Kutoka Mokowe hadi Kunduchi

Basi la kutoka Malindi linaishia Mokowe; kutoka hapo ni boti hadi gati la Lamu. Nilipanda vichochoro mpaka kwenye nyumba ya mawe ya karne ya 18 ambayo sasa ni makumbusho. Anayetaka kujua mwungwana wa zamani alikula vipi, na nani hakula naye, aanzie mlangoni, si jikoni.

Nje kuna daka, kibaraza cha mlangoni, lenye baraza za mawe pande mbili. Mgeni asiye wa karibu aliishia hapo. Ukiingia unakuta kiwanda, ua usioezekwa unaoipa nyumba karibu mwanga wake wote. Kisha vyumba vinafuatana: msana wa tini (yaani wa chini), msana wa yuu (wa juu), halafu ndani, chumba cha mwisho. Kila kimoja kimeinuliwa kidogo kuliko kilichotangulia, hivyo kuruhusiwa kuendelea kulikuwa kupanda kweli. Vyote ni virefu na vyembamba. Sababu ni boriti za mkoko: zikizidi mita 3 hivi, hulemewa na dari ya mawe na chokaa.

Ndani ndiko kwenye zidaka, ukuta mzima wa vishubaka vya chokaa iliyochongwa. Humo zilipangwa sahani na bakuli za kauri kutoka China, mali ya kuonwa zaidi ya kupakulia. Wanaokarabati zidaka kwa saruji wanaziua: saruji hufungia unyevu wa chumvi ukutani, na nakshi humeguka vipande.

Jiko liko juu kabisa, chini ya makuti, ili moshi na joto visishuke vyumbani. Wali wa nazi bado unapikwa kwa mpango uleule: tui jepesi lichemke kwanza na mchele, tui zito litiwe maji yakikaribia kukauka, kisha chungu kifunikwe na kupaliwa makaa. Tui zito likichemshwa mapema hukatika, mafuta yakaelea na wali ukakosa utamu.

Chakula hushushwa kimefunikwa kawa, kikawekwa mkekani. Meza? Hata neno lenyewe tumelitoa kwa Wareno, waliofika pwani hii mwaka 1498. Mdogo hushika birika na bakuli, mkubwa hunawa kwanza. Watu wanne au watano huzunguka sinia moja, kila mmoja akila upande wake kwa mkono wa kulia. Nyama hukaa katikati na haivamiwi. Mkubwa huimega na kuwasogezea wenzake. Wanawake hula kwao.

Nilimalizia Kunduchi, kaskazini ya Dar es Salaam, kwenye makaburi ya nguzo ya karne ya 18. Sahani za China zilipachikwa humo chokaa ikiwa mbichi, maana ikikauka sahani haishiki. Nyingi zimeng'olewa. Yamebaki mashimo ya mviringo, na ukipitisha kidole ndani unaujua ukubwa wa sahani iliyoibwa.