Nondo ya ethi iliyong'oka kwa vidole viwili

Nyumba yangu ya Buswelu, hapa Mwanza, imejengwa na hela ya dagaa. Msimu ukinikubali pale soko la Mwaloni Kirumba, napandisha kozi tatu. Ukinikataa, tofali zinaota majani. Kiwanja 2017, msingi 2019, bati 2022. Mwaka jana mwezi wa nane nikasema potelea mbali, navuta umeme nihamie, maana kodi ya nyumba ya kupanga Pasiansi ilishanichosha.

Fundi aliyenifanyia wayaringi simtaji. Kijana ana ulimi mtamu, na kazi ya ndani kwa kweli aliifanya vizuri: mabomba yamefukiwa sawasawa, soketi hazijapinda. Nilipomuuliza leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji, alinionyesha picha kwenye simu, nikaridhika. Sikusoma jina. Leseni ilikuwa ya mtu mwingine, ambaye aligonga muhuri kwenye mchoro wangu bila kukanyaga kwangu hata siku moja.

Mkaguzi wa umeme akaja, mtu mzima, mpole, na begi begani. Alianza ndani. Akapima nyaya kwa kile kimashine cha volti 500 kuona kama ngozi ya waya inavuja, akakuta soketi moja ya jikoni imegeuzwa waya, akaandika. Nikajua tumemaliza. Kisha akauliza, "Mama, ethi iko wapi?"

Ethi ni ile nondo inayopeleka ardhini umeme unaovuja. Nikamwonyesha nyuma ya choo. Nondo ilikuwa imechomoza kidogo, imefungwa waya wa kijani na njano, inapendeza kabisa. Akachuchumaa, akaishika kwa vidole viwili, akaitikisa kama jino la mtoto. Ikatoka. Nondo inayouzwa dukani ina futi 4. Yangu ilikuwa futi moja na kidogo, na upande wa chini unaonekana ulivyokatwa kwa msumeno.

Mnaoishi Mwanza mnajua hadithi hii kabla sijaimaliza. Huku kwetu ukichimba unakutana na jiwe. Kijana aligonga, nondo ikagota, akagonga tena, ikapinda. Akaikata, akafukia, akaja kudai hela yake.

Mkaguzi hakufoka. Aliirudisha shimoni, akaigongelea kwa jiwe, akasema tuipime hivyo hivyo ili nione mwenyewe. Akavuta nyaya mbili uani, moja mita 20 na nyingine kama 12, kila moja ina kijiti chake cha chuma mwishoni. Kijiti cha pili kilikosa pa kuingia, ikabidi watoto wa jirani watafute ufa kati ya mawe na kumwagia maji. Kimashine kikasoma omu 312, yaani kipimo cha jinsi ardhi inavyouzuia umeme kupita.

Nikamuuliza 312 ni nyingi au kidogo. Akaokota kijiti, akaandika kwenye vumbi: 230 gawanya kwa 312. Jibu halifiki hata ampea moja. "Sasa mama, friza yako ikivuja umeme kwenye bodi lake la chuma, umeme unaoweza kupita hapa kwenda ardhini ndio huo. Sakiti breka yako ni ya ampea 32. Itajuaje kama kuna shida? Haitakata. Bodi la friza litabaki na umeme, na wewe unapiga deki, miguu ina maji."

Mimi friza ndiyo maisha yangu, naweka sato wa oda. Na sakafu yangu huwa na maji saa zote. Nilikaa kwenye ndoo.

Fundi wa pili nilimpata kwa dada mmoja wa Nyamhongolo. Mzee wa Kisukuma, ananiita mayu, yaani mama, na leseni yake nilisoma jina, nikasoma na tarehe. Hakutoa nyundo. Alizunguka uani akinusa kama anayetafuta maji ya kisima, akaishia kwenye migomba yangu, pale maji ya bafu yanapotokea. Udongo pale ni mweusi na una unyevu hata kiangazi. Akachimba mtaro, akasimamisha nondo tatu, moja mbali na nyingine mita 3, kwa sababu zikibanana zinagombea udongo ule ule. Akaziunganisha kwa waya wa shaba. Kuzunguka kila nondo akajaza mkaa uliopondwa na chumvi. Chumvi nilitoa ile ya mawe ninayowekea samaki. Akanionya kwamba chumvi inakula chuma na mvua inaiosha, kwa hiyo nifukue kila mwaka nitazame. Pia akafunga kifaa kinachokata umeme ukivuja kufikia miliampea 30, nilichoambiwa na yule wa kwanza kuwa ni anasa.

Jioni akaniketisha tupige hesabu ya matumizi. Taa 11 za wati 9 kwa saa nne: uniti 12 kwa mwezi. Friza yangu ni ya kizamani, akaikadiria uniti 2 kwa siku, ambayo ni 60. Jumla 72. Bei nafuu mwisho wake uniti 75 kwa mwezi, kwa hiyo zimebaki uniti 3 za televisheni, pasi na simu za watoto. Nikamwambia pasi ya mkaa inarudi kazini. Alicheka, lakini sikuwa natania.

Mkaguzi alirudi baada ya wiki mbili. Omu 9. Akasema afadhali amepima kiangazi, ardhi ikiwa kavu, maana masika namba itashuka yenyewe. Akasaini. Nyumba iko ndani ya mita 30 kutoka nguzo, kwa hiyo nililipa shilingi 320,960 za kuunganishiwa, mita ikafungwa, nikaingiza tarakimu 20 za LUKU, umeme wa kulipia kabla, huku mikono inatetemeka, nikakosea mara mbili.

Wa mwisho alikuwa mkaguzi wa majengo wa manispaa. Wengi wanahamia bila kumwita, ila mimi nilitaka karatasi kamili kwa ajili ya benki. Alipima umbali wa ukuta hadi mpaka, akachungulia karo, akalinganisha madirisha na ramani, akanywa soda. Karatasi ya kuhamia imo kwenye faili la bluu.

Ile nondo fupi sikuitupa. Nimemfungia mbuzi nyuma ya choo, na ameshaing'oa mara mbili.